Makofi Matatu na Mawili

Ushanga ulipolia, Leokadia alikuwa amepiga magoti, na viganja vyake bado vilikuwa vimegusana.

Ulilia mara moja, mlio mfupi, kama kijiko kikigonga sahani. Hapakuwa na mtu sebuleni asiyeujua. Ndio unaolia mtu anaponunua kiwanja, anapofunga ndoa, anapoajiriwa. Maana yake ni kwamba umeona, umepima, na mwenyewe ameridhia.

"Hongera, binti yangu," alisema Bwana Hafidh Mwinshehe, akafunga faili lake polepole. "Karibu Chuo cha Mkondo."

Leokadia alimtazama, akautazama na ushanga uliokuwa umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Ulikuwa ukiwaka kijani. "Nimeridhia nini?" aliuliza.

Haya, turudi nyuma kidogo, maana jambo lenyewe lilikwenda haraka, na kila anayelisikia kwa mara ya kwanza humdhania Leokadia Ntibakazi mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Wengine huponzwa na mdomo. Yeye aliponzwa na adabu.

Alikuwa golikipa, miaka kumi na tisa, na kwa misimu miwili mfululizo hapakuwa na msichana aliyemfunga penalti katika mkoa mzima wa Kigoma. Udakaji alifundishwa na Mama Stefania, mkamua mawese wa Kasulu, aliyemchukua akiwa na miaka minne mama yake mzazi alipofariki. Mama Stefania hakuwahi kucheza mpira maishani mwake. Alikuwa na kinu cha kuzungusha kwa mkono, rundo la chikichi, na mtoto asiyetulia. Basi akawa anamrushia chikichi mojamoja. "Daka. Ukikosa, unaokota." Mtoto akachoka kuokota, akajifunza kudaka.

Miaka hiyo vyuo viligombania wachezaji kama wachumba. Waliotumwa kuwaleta waliitwa washenga, jina la utani lililowakaa mpaka likaingia kwenye barua za ofisi. Msimu ule walifika watano pale kwa Mama Stefania, kila mmoja na posa yake: sukari, vitenge, hadi friji. Nyuma ya vyuo walisimama wenye bidhaa, maana mchezaji wa chuo alikuwa tangazo linalotembea, na mwenye tangazo ndiye aliyekuwa na sauti.

Leokadia aliwapokea wote, akawapikia wote, akawakatalia wote. Alikwisha kumpa neno Mwalimu Ruhuza wa Chuo cha Malagarasi, chuo kidogo ambacho uwanja wake huliwa na mbuzi msimu wa kiangazi. Sababu yake ilikuwa moja. Alipovunjika kifundo cha mkono akiwa na miaka kumi na saba, wale waliokuwa wakimpigia simu kila wiki walipotea hewani. Mwalimu Ruhuza alikuja kwa bodaboda, amempakia na daktari wa chuo, wakamfunga mkono pale pale barazani. Hakuutaja mpira. Alisema mkono ni mkono, hata usipodaka tena utashikia jembe. Alipoulizwa anadai nini, aliomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo Leokadia alikuwa aende Malagarasi siku ya Jumatatu kutia muhuri. Jumanne iliyotangulia, asubuhi, akaja Bwana Hafidh.

Mgeni hafukuzwi. Leokadia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Akawekewa chai na mihogo. Alikuwa mtu wa Pwani, wa makamo, mpole, mwenye kanzu safi na maneno yaliyopigwa pasi. Alisema anajua binti ameshaposwa kwingine, lakini ametumwa, na aliyetumwa asiposoma ujumbe hulala nao. Aliomba asome tu.

Akasoma. Miaka minne Mkondo. Udhamini wa Soda ya Zinga. Hela ya kwanza kuingia saa hiyo hiyo ya muhuri, hela ambayo kwa Mama Stefania ilitosha kununua kinu cha umeme na kuchimba kisima pia. Kifungu cha tisa: muhuri wa mwanamichezo, yaani kitendo cha mwili anachoridhia nacho, utakuwa alama ya Soda ya Zinga, naye hataufanya popote isipokuwa mbele ya kamera za mdhamini. Leokadia alisikiliza kwa heshima, amekwisha kuliandaa jibu lake la asante hapana.

Bwana Hafidh alifika kwenye sentensi ya mwisho. "Je, mwanamichezo ameridhika na yote yaliyosomwa?"

Papo hapo mlango ukafunguka, akaingia bibi kizee mwenye fimbo, khanga kichwani, vumbi la safari miguuni. "Mwakeye," alisalimu kwa Kiha, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kulitamka neno hilo.

Sasa niambie, Muha aliyelelewa akalelewa angefanya nini? Leokadia alipiga magoti, akapiga makofi: matatu ya taratibu, mawili ya haraka, kichwa chini. Yule bibi naye akaiegemeza fimbo ukutani, akaitikia kwa mawili ya polepole.

Na ushanga ukalia.

*

Asiyezikumbuka zile nyakati za sura kuibiwa hawezi kuelewa kwa nini taifa zima lilivaa ushanga. Mashine zilikuwa zimejifunza kuiga uso wa mtu, sauti yake, mwandiko wake, alama ya kidole chake. Kule Tabora mtu aliuza nyumba ya kaka yake kwa sauti ya kaka yake, na kaka mwenyewe yuko sebuleni anakunywa uji. Ndipo likabaki jambo moja lisiloigika: mwili unapofanya kitu chake wenyewe, kwa mapigo yake, jasho lake na mtikisiko wake wa misuli. Kila raia akachagua kitendo kimoja kikawa muhuri wake. Ushanga hufungua masikio pale tu mkataba unaposomwa. Ukikiona kile kitendo hupima ridhaa ya mwenyewe kwa mia. Chini ya sabini, haulii.

Afisa wa kusajili alipofika shuleni kwa akina Leokadia, aliwaambia, "Fanyeni kitu ambacho mwili unakifanya wenyewe bila kutumwa na kichwa." Kwingineko watu walikuna sikio, walibana vidole vikalia. Kasulu, robo tatu ya darasa walipiga makofi. Afisa alidhani wanampongeza. Alishukuru, akainama kidogo, kisha mwalimu mkuu akamweleza. Aliandika yote kama yalivyo, maana hakuna makofi ya watu wawili yanayofanana, akala kuku wake, akaondoka zake. Watu walicheka mwaka mzima.

Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mkataba unaweza kuwa unasomwa, na mtu mzima akaingia.

"Ridhaa tisini na nane," alisema Bwana Hafidh, pale sebuleni, akiisoma namba kwenye kioo cha simu yake. Alirudia kuiangalia. "Hata bi harusi wengi hawafiki tisini."

"Nilikuwa namsalimia bibi."

"Nimeona, binti yangu. Na mimi nasikitika." Huenda kweli alisikitika. "Lakini ushanga haujui kusikitika."

*

Alasiri ile ile Mwalimu Ruhuza alipiga simu, ameshasoma sheria yote amesimama. Pingamizi lilikuwa la aina moja tu: kwamba kitendo kilifanyika bila kusudi. Baraza la Mihuri lingekaa Kigoma mjini siku ya Alhamisi.

"Utasema sentensi moja," alimwambia. "Sema ilikuwa desturi tu, mikono ilijipiga yenyewe, hukumaanisha chochote. Wanakuachia, Jumatatu tunaendelea."

Leokadia alishusha pumzi. Sentensi moja, kumbe rahisi hivyo. Akaenda nyuma ya nyumba kumpa Mama Stefania habari njema.

Mama Stefania alikuwa akizungusha kinu kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia lilikuwa limeanza kukataa tangu masika. Alisikiliza bila kusimamisha kazi. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye ndoo, mekundu, mazito.

"Hiyo hela ya Zinga imeshaingia?" aliuliza.

"Imeingia. Sijaigusa."

"Kinu cha umeme kimo humo?"

"Kimo, mama. Na kisima." Leokadia alichuchumaa kando ya ndoo. "Ukisema nibaki nayo, nitabaki nayo. Nitaenda Mkondo. Wewe ndiye uliyenilea, si Malagarasi."

"Sikukulea ili nikuuze kwa kinu. Hela hiyo siitaki wala siichukii, iache ilale huko." Alizungusha mara mbili tatu. "Nakuuliza jingine. Yule bibi ulipompigia makofi, ulimheshimu au hukumheshimu?"

"Nilimheshimu."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo wote, mama. Si uliona namba?"

"Basi hiyo sentensi moja ya mwalimu wako ni uongo." Sasa ndipo aliposimamisha kinu, akajifuta mikono kwenye khanga yake kuukuu. "Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, na uongo mdogo umewahi kuwatoa wakubwa kwenye shimo. Lakini kila asubuhi kwa miaka kumi na tano unanipigia makofi mlangoni. Ukienda kuapa mbele ya serikali kwamba mikono hujipiga yenyewe, mimi nitakuamini. Na nitaanza kujiuliza ya kwangu."

Leokadia alishika mpini wa kinu, akaendelea pale mama yake alipoishia, na alikuwa akilia. Alimshukuru Mungu kwamba kazi ya kinu huinamisha uso. Njia zilikuwa mbili na zote zilikuwa na mwiba: akiikana salamu yake, yuko huru, akiikiri, ni ya Zinga kwa miaka minne, naye hataweza kumwamkia mama yake kwa mikono ila kamera ikiwepo.

*

Chumba cha Baraza kilikuwa na feni moja na watu wengi kuliko viti. Msajili, Bi. Redempta Kyaruzi, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani aliyoishusha kila alipotaka ukweli. Upande mmoja alikaa Bwana Hafidh, na pembeni yake yule bibi kizee, Bibi Yustina, fimbo magotini. Upande wa pili walikaa Mwalimu Ruhuza na Mama Stefania, na katikati Leokadia peke yake.

"Binti, ushanga wako umepima tisini na nane," alisema Msajili. "Sheria inanipa swali moja la kukuuliza. Makofi yale uliyapiga kwa kusudi, au bila kusudi?"

Mwalimu Ruhuza alikuwa akimtikisia kichwa kwa mbali: bila, bila. Leokadia alimwona. Aliukumbuka mkono wake laini siku ile ya bandeji, na kile kikombe cha maji, kitu pekee alichokiomba. Alitamani sana kumpa alichokitaka.

"Kwa kusudi, Mheshimiwa," alisema.

Mwalimu Ruhuza alifunika uso kwa viganja.

"Nilikusudia kumsalimia bibi. Na kumshukuru."

Msajili alishusha miwani. "Kumshukuru kwa lipi? Ulikuwa unamjua?"

"Simjui, Mheshimiwa. Nilimshukuru kwa kuingia. Kwetu mtu mzima akivuka kizingiti chako, umeshapata kitu. Hata kama hajakaa." Alimtazama Bibi Yustina. "Siwezi kusema nilipiga bure. Nikisema bure, nitakuwa nimemnyang'anya."

"Unaelewa kwamba sheria haina kisanduku cha salamu? Ina kusudi na bila kusudi. Ukishasema kusudi, kalamu yangu haina pa kwenda."

"Naelewa. Naomba radhi kwa mwalimu wangu. Alinipa mkono wakati sina mkono. Nitamlipa kwa njia nyingine, sijui ipi."

Bi. Kyaruzi alivuta karatasi, naye uso wake haukuwa wa mtu anayefurahia kazi yake. Ndipo fimbo ikagonga sakafu.

"Naomba kusema," alisema Bibi Yustina.

"Bibi, kaa tu, usijichoshe," Bwana Hafidh alimnong'oneza.

"Kukaa nimekaa garini, inatosha."

Watu waligeuka. Bibi Yustina alisimama kwa vituo, kwanza fimbo, kisha goti, kisha mgongo, na hakuna aliyemharakisha.

"Mimi nakaa Tandika, Dar es Salaam. Mwaka wa thelathini sasa tangu nitoke Kasulu. Huyu bwana alinikuta nauza karanga, akasikia lafudhi yangu, akaniambia, bibi, nitakupeleka kwenu bure, ukalione kaburi la kaka yako, na nitakurudisha, na kila mwezi utapata kitu kidogo. Nikasema Mungu amekumbuka. Tulipofika kwa binti akaniambia nikae garini mpaka simu itetemeke, ndipo niingie. Nilidhani ananionea huruma, nisisimame sana. Kumbe nilikuwa chambo."

Bwana Hafidh alitazama kucha zake.

"Nikaingia. Binti akapiga magoti." Bibi Yustina alihamisha fimbo mkono wa pili. "Dar wanakwambia shikamoo huku wanapita. Silaumu, kila mji na miguu yake. Lakini miaka thelathini sikupigiwa makofi na mtu. Nilitaka kulia, Mheshimiwa, nikaona haya mbele ya wageni. Nikaitikia. Kwetu salamu ikishaitikiwa imefika, haidaiwi tena na mwingine. Tazameni kwenye hicho kidude kama sikuitikia."

Msajili aliugusa ushanga wa Leokadia kwa kalamu ya Baraza, na kumbukumbu ikachorwa ukutani kwa mistari ya mwanga: makofi matatu, mawili, halafu, kwa umbali wa pumzi moja, mawili mengine, mazito, ya mikono mikavu. Baada ya hapo mlio.

"Ulilia baada ya kuitikiwa," alisema Msajili, kama anayejisemea. Alifungua kitabu chake, akapekua, akasoma kwa kidole. "'Muhuri hutimia kwa kutolewa na kupokewa.' Kutolewa na kupokewa." Akainua macho. "Bwana Mwinshehe, wewe muhuri wako ni upi?"

"Kukunja kidole cha mwisho, Mheshimiwa."

"Uliukunja saa ngapi?"

Hapo ndipo palipomnasa Bwana Hafidh, na ajabu ni kwamba hapakuwa na hila yoyote hapo, ni mazoea tu. "Asubuhi, hotelini. Washenga wote tunatanguliza, Mheshimiwa. Mikataba ni mingi."

"Kwa hiyo ulipokea saa moja asubuhi kitu kilichotolewa saa nne."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Huwezi kupokea kisichotolewa," alisema Bi. Kyaruzi. "Katika kumbukumbu hii aliyepokea ni mmoja. Muhuri ni halali, kusudi lipo, tisini na nane kwa mia. Ila mkataba hauko na Mkondo." Alivua miwani kabisa. "Bibi Yustina, kwa sheria ya nchi hii, miaka minne ya binti huyu ni yako. Kifungu cha tisa nacho ni chako, makofi yake yote ni mali yako. Unasemaje?"

Chumba kililipuka kwa kicheko, hata mlinzi wa mlangoni. Bibi Yustina peke yake hakucheka. Alifikiri kwa makini, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Anajua kupika?" aliuliza.

"Anajua," alijibu Mama Stefania. "Chumvi ndiyo humshinda."

"Basi namwachia aende kwa mwalimu wake. Nina sharti moja. Kila likizo aje anisalimie. Kwa mikono."

"Imeandikwa," alisema Msajili, na kweli akaandika.

Hela za Zinga zilirudi zilikotoka kabla hawajaufikia mlango. Leokadia aliziona zikiyeyuka kwenye kioo cha simu, akatafuta moyoni mwake kama kuna majuto, akakuta bega la Mama Stefania tu, na hilo alijua dawa yake: atakamua yeye kila atakaporudi. Mwalimu Ruhuza alimshika mkono ule ule aliowahi kuuunga, akauachia.

Nje, Bwana Hafidh alikuwa akimpa Bibi Yustina bahasha. "Nauli yako ya kurudi, bibi. Hii ni ya mfukoni mwangu, chuo hakihusiki." Kisha akamgeukia Leokadia. "Miaka kumi na sita nawasomea watu mikataba. Huwa napata sabini na tatu, sabini na sita. Watu wanasaini huku roho iko kando. Juzi nilipoona ile namba nilidhani hatimaye na mimi nimepata." Alitikisa kichwa. "Kumbe haikuwa yangu."

Leokadia hakuwa na hasira ya kumpa. Mtu yule alikuwa amemleta bibi Kasulu, kwa njia ya kona, lakini amemleta. "Asante kwa kutuletea bibi," alisema, na alimaanisha.

Bibi Yustina aliigeuza bahasha ile mkononi mara mbili. Mama Stefania alimwangalia, akaichukua fimbo yake na kifurushi chake bila kumuuliza.

"Chumba kipo," alimwambia. "Tandika haitakimbia. Kaburi la kaka yako ulishaliona?"

"Bado. Tulikuwa na haraka ya kukaa garini."

*

Jumatatu, ofisi ya Malagarasi ilikuwa chumba cha kuhifadhia mipira kilichofagiliwa kwa heshima ya siku. Leokadia alikuwa na muhuri mpya. Bi. Kyaruzi alimshauri abadilishe, na alipoambiwa afanye kitu ambacho mwili unakifanya wenyewe, alinyoosha mikono mbele na kuivuta kifuani, viganja juu, kama vile chikichi imerushwa. Makofi aliyarudisha kwa watu.

Mwalimu Ruhuza alisoma, na hakuwa na mengi ya kusoma. Ada ya miaka minne, kitanda, sahani. Wadhamini wa chuo walikuwa wachemsha chumvi wachache wa Uvinza, na hela za matangazo zilikuwa gunia moja la chumvi kila mwezi. Mama Stefania angecheka sana, lakini alikuwa bado hajafika. Alikuwa njiani na Bibi Yustina, ambaye tangu Alhamisi alikuwa amekataa kuharakishwa na mtu yeyote.

Ushanga ulikuwa umefungua masikio. Mwalimu Ruhuza alifika mwisho. "Je, mwanamichezo ameridhika na yote yaliyosomwa?"

Mlango ukafunguka.

"Mwakeye," alisema Bibi Yustina, nyuma yake Mama Stefania amebeba kapu.

Mwalimu Ruhuza aliganda na karatasi mkononi. Leokadia aliutazama ushanga kwa nukta moja. Kisha akapiga magoti, akapiga makofi: matatu ya taratibu, mawili ya haraka, kichwa chini. Bibi Yustina aliegemeza fimbo, akaitikia mawili. Mama Stefania aliweka kapu chini, akaitikia na yake.

Ushanga ulikaa kimya.

Leokadia aliinuka, akafuta magoti. Alinyoosha mikono mbele ya mwalimu wake, akaivuta kifuani. Mwalimu Ruhuza, aliyekuwa amejifunza somo lake, alisubiri mpaka mikono ifike, ndipo akatia muhuri wake wa kupokea. Mlio ukasikika, kijani kikawaka.

"Tisini na moja," alisoma kwenye kioo, akajaribu kutabasamu. "Nashukuru sana. Sana. Ila juzi zilikuwa tisini na nane. Saba zimekwenda wapi?"

"Ninazo mimi," alisema Bibi Yustina, akatafuta pa kukaa.